Uzi maalumu: Kurudi kwenye filamu ukitokea dijitali (kamera, mwanga, dawa na kusoma negativu)

#1 MkandaMmoja

Wakuu, maswali ya filamu yamekuwa mengi na majibu yake yametawanyika, basi tuyakusanye sehemu moja. Uzi huu ni wa mtu aliyekwisha kuzoea dijitali: apacha, kasi ya shata na ISO anavijua. Kinachomponza ni mazoea. Dijitali inakuonyesha kosa papo hapo. Filamu inakuonyesha baada ya kusafishwa, kosa likiwa limeshajirudia mara 36. Ndiyo maana nusu ya ujuzi wenyewe ni kujua kosa limetokea wapi: kwenye kamera, kwenye kupima mwanga, au kwenye dawa.

Naanza na kamera. Kabla ya kuweka filamu, fungua mgongo uangalie haya.

Sifongo. Kamera nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zina sifongo nyeusi kwenye mifereji ya mgongo na pale kioo kinapogonga juu. Zikizeeka zinakuwa kama lami, ukigusa zinanata kidoleni. Zikwangue kwa kijiti cha mbao kilicholowa spiriti, usitumie chuma, na chembe zisidondokee pazia la shata. Weka sifongo mpya ya unene wa milimita 1.5 hadi 2. Kwenye mfereji mwembamba, uzi mweusi wa sufu unatosha kabisa.

Shata. Washa kinasa sauti cha simu, piga sekunde 1, 1/2, 1/4, 1/8, kisha kwenye programu ya sauti pima umbali kati ya mlio wa kufunguka na wa kufunga. Kupita 1/60 milio inaungana, usiiamini. Kwa 1/1000 toa lenzi, elekeza kamera kwenye ukuta mweupe wenye mwanga mwingi, uchungulie kwa nyuma huku ukifyatua. Dirisha lote lapaswa kumulika sawasawa. Upande mmoja ukibaki giza, pazia la pili linalifikia la kwanza kabla halijamaliza safari, na kila picha ya kasi hiyo itatoka na ubavu mweusi.

Lenzi. Mulika tochi kwa nyuma. Nyuzi kama za buibui ni kuvu. Kisha sukuma kile kiwenzo cha apacha: mabawa yarudi kwa kishindo. Yakijivuta, yana mafuta, na picha zako zitazidi mwanga kwa kuwa apacha haijafunga kwa wakati.

#2 Mizania

Naongezea betri, maana hapo wengi wanaumia bila kujua.

Kamera kama Olympus OM-1 ziliundwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35, ambayo imeshapigwa marufuku. Ukiweka alkalini ya 1.5, inaingia vizuri na sindano ya kipima mwanga inacheza, lakini inasoma mwanga mwingi kuliko uliopo, na wewe unapiga picha zenye giza. Tena alkalini inashuka volti kidogokidogo, kwa hiyo hata kosa lenyewe halitulii. Mbadala ni betri ya vifaa vya kusaidia kusikia, namba 675, volti 1.4, pamoja na pete ya kuishikilia. Ukishabandua kibandiko chake inaishi wiki chache tu, hata usipoitumia. Pentax Spotmatic haina shida hii kwa sababu sakiti yake haitegemei volti kamili.

Kamera zinazotumia betri ndogo ya alkalini ya LR44, weka SR44. Umbo ni lile lile, ila ni ya oksidi ya fedha na volti yake imetulia hadi mwisho. Na mwenye Pentax K1000 afunike lenzi akimaliza kazi: kipima mwanga chake hakina swichi, kinazimwa na giza.

#3 Chembechembe

Mkuu Mizania, kwa anayeanza, ya mekanika au ya umeme?

#4 Mizania

Mekanika, kama Nikon FM2 au hiyo K1000. Betri ikifa unapoteza kipimo cha mwanga tu, shata inaendelea. Canon AE-1 ni kamera nzuri lakini betri yake ya volti 6 ikiisha, haipigi kabisa. Na hiyo AE-1 ukisikia inakohoa kila unapofyatua, ni gia za kioo zimekauka mafuta. Inatibika, ila ni kazi ya fundi.

#5 DadaKivuli

Tuje kwenye mwanga, maana hapa ndipo dijitali na filamu zinapopishana kabisa.

Kwenye dijitali umefundishwa kulinda sehemu zenye mwanga mkali: zikiungua zimekwenda. Negativu ni kinyume chake. Mwanga ukizidi, filamu inaongeza weusi taratibu na maelezo bado yamo ndani. Mwanga ukipungua, kwenye vivuli hakuna fedha iliyoguswa, na hakuna dawa wala programu itakayoleta kisichokuwepo. Kwa hiyo linda kivuli. Elekeza kipima mwanga kwenye kivuli ambacho unataka maelezo yake yaonekane, halafu punguza stopu 2 kutoka kwenye kipimo hicho (stopu 1 ni kuongeza mwanga mara mbili au kuupunguza nusu). Usipopunguza, kivuli kitakuwa kijivu cha kati na kila kitu kitazidi.

Filamu za negativu za rangi kama Kodak Portra 400 au Gold 200 zinavumilia kuzidi stopu 1 au 2 bila kelele. Kupungua stopu 2 zinatoa vivuli vya tope, chembe nyingi, rangi ya kijani au zambarau isiyoeleweka. Slaidi, filamu inayotoa picha ya rangi halisi badala ya negativu (mfano Ektachrome E100), sheria yake ni ya dijitali: linda mwanga mkali, na ukikosea zaidi ya nusu stopu utaona.

Mtu mwenye ngozi nyeusi akisimama mbele ya anga jeupe, kipima mwanga cha zamani kinasoma anga na kumwacha usoni hana macho. Sogea karibu, pima uso wenyewe, funga kipimo hicho, rudi nyuma, piga. Kwa hesabu kamili uso mweusi unahitaji stopu 1 chini ya kipimo hicho, lakini kwenye negativu sihangaiki kupunguza.

Kamera isiyo na kipima mwanga: jua kali la wazi ni f/16 na kasi inayokaribiana na ISO. Filamu ya 400 ni 1/500 kwa f/16. Mawingu mepesi f/11, mawingu yaliyotanda f/8, kivuli cha wazi f/5.6 au f/4.

#6 Stopumbili

Ndiyo maana wengine HP5 (filamu ya nyeusi-nyeupe ya Ilford) wanaipiga kwenye ISO 200 badala ya 400. Si ubishoo, ni kununua kivuli. Ila tahadhari: kamera za baadaye zinasoma kasi kupitia vile vimraba vya fedha kwenye kopo. Filamu uliyojaza mwenyewe kwenye kopo tupu haina vimraba, na kamera nyingi hapo zinajipangia 100. Kama kamera haina sehemu ya kubadili ISO kwa mkono, tumia kisahihisho cha mwanga, ile alama ya + na −.

Na ukipiga usiku kwa sekunde nyingi, filamu inachoka. Ilford wametoa hesabu: kwa HP5 Plus, muda uliopima upandishe kwa kipeo cha 1.31. Kipimo cha sekunde 10 kinakuwa takriban 20. Sensa za dijitali hazina jambo hili, ndiyo maana watu wanasahau.

#7 MkandaMmoja

Kupakia filamu nalisema haraka. Ingiza ulimi wa filamu (ncha yake ya mwanzo) kwenye spuli, vuta wenzo wa kusogezea filamu mara moja, hakikisha meno yameshika matundu ya pande zote mbili, funga. Sasa zungusha polepole kile kisokotio cha kurudishia kilicho juu kushoto hadi kikaze. Vuta wenzo tena huku ukikitazama: lazima kizunguke. Kisipozunguka, filamu haitembei, hata kama kaunta inahesabu. Ukifika picha ya 38, 39, 40 na bado inavuta laini, usishangilie.

#8 FiksaSafi

Kusafisha mwenyewe. Natoa mfano mmoja kamili, HP5 Plus kwenye ID-11 (devalopa, yaani dawa inayotokeza picha), kwa tangi la Paterson lenye spuli moja ya 35mm (mililita 290, mimi nachanganya 300 hesabu iwe rahisi).

Unga wa ID-11 unayeyushwa kwenye maji ya nyuzi 40 hivi, A kwanza hadi iyeyuke yote, ndipo B. Chupa iliyojaa pomoni inakaa miezi 6. Iliyofika nusu, mwezi 1. Siku ya kazi unapima mililita 150 za dawa na 150 za maji. Ikishatumika, inamwagwa.

Spuli iwe kavu kabisa. Unyevu kidogo tu, filamu inakwama katikati, na ukiilazimisha gizani inakunjika na kuacha alama za mwezi mchanga kwenye picha. Kata ulimi, kisha pembe mbili uziviringe kidogo kwa mkasi, filamu itateleza. Kama mikono inatoka jasho ndani ya mfuko wa giza, tia filamu tangini, lifunge, ndipo utoe mikono ikauke, urudi. Fanya mazoezi kwa filamu mbovu, macho wazi, kisha macho yamefumbwa, mpaka mikono izoee.

Muda kwa nyuzi 20: devalopa 1+1 ni dakika 13. Pindua tangi mara 4 katika sekunde 10 za mwanzo, ligonge mezani mara mbili kutoa mapovu, kisha mara 4 mwanzoni mwa kila dakika. Sekunde 10 za mwisho ni za kumimina. Dawa ya kusimamisha sekunde 10. Fiksa, dawa inayoondoa fedha isiyoguswa na mwanga, 1+4 (mililita 60 kwa 240 za maji) dakika 3 hadi 5. Usipogonga mezani utapata vidoa vya duara angani. Ukipindua kama unayechanganya juisi, utapata mistari inayoshuka kutoka kwenye matundu ya pembeni.

Fiksa ijaribu kila mara: dondoshea kipande cha ulimi uliokata, hesabu sekunde hadi kiwe angavu. Muda wa kufiksi ni mara mbili ya hapo. Kipande kikichukua muda mara mbili ya kile cha fiksa mpya, hiyo fiksa imekufa.

Kuosha hakuhitaji bomba linalotiririka saa nzima. Jaza maji, pindua mara 5, mwaga. Jaza, pindua mara 10, mwaga. Jaza, mara 20, mwaga. Mwisho maji yaliyokenekwa yenye matone machache ya dawa ya kuteleza, ning'iniza. Usikamue kwa vidole. Punje moja ya vumbi inachora mstari kuanzia picha ya 1 hadi ya 36.

#9 Chembechembe

Kuna njia ya uvivu: devalopa ya Rodinal 1+100, acha saa nzima bila kugusa. Haihitaji hata kipimajoto.

#10 FiksaSafi

Inahitaji hesabu lakini. Rodinal inataka angalau mililita 5 za dawa yenyewe kwa roli moja. Kwenye tangi la mililita 300, 1+100 inakupa 3 tu. Dawa inaisha nguvu katikati ya kazi na sehemu zenye mwanga hazikui. Tumia tangi la mililita 500 na weka 5. Halafu hiyo ya kutogusa kabisa inaacha michirizi chini ya matundu, kwa sababu mabaki ya dawa iliyotumika yanashuka polepole juu ya filamu. Pindua taratibu mara moja dakika ya 30. Mimi bado naona ni njia ya kuokolea roli usiyoijua ilipigwaje, si ya kila siku.

#11 Stopumbili

Maji yakiwa na joto je? Si kila mtu anapata nyuzi 20.

#12 FiksaSafi

Hadi 24 usihangaike, fupisha muda. Hizo dakika 13 zinakuwa kama 9. Kikomo changu ni dakika 5: chini ya hapo, tofauti ya sekunde chache za kumimina inaonekana kama mawimbi kwenye anga. Ndiyo faida ya 1+1, inakupa muda wa kupunguza. Juu ya 24, weka tangi na chupa zote kwenye beseni, tia barafu ikiwa ndani ya mfuko uliofungwa ili isiyeyukie kwenye dawa. Dawa zote na maji ya kuosha yasipishane sana joto. Ukitoa filamu kwenye 26 ukaitia kwenye maji ya baridi kali, utando wake unasinyaa na kupata nyufa ndogondogo.

#13 Chembechembe

Filamu ikitoka tupu, inang'aa mwanzo hadi mwisho, wa kulaumiwa ni kamera au dawa?

#14 DadaKivuli

Swali zuri kuliko yote humu. Tazama ukingoni, pale penye jina la filamu na namba za fremu. Zile zilipigwa kiwandani, hazijui kamera yako wala kipimo chako. Ni shahidi asiye na upande.

Namba zipo, nyeusi, zinasomeka vizuri, ila picha hakuna: dawa ilifanya kazi, filamu haikupata mwanga. Haikutembea ndani ya kamera, au shata haifunguki.

Namba hazipo kabisa: filamu haikusafishwa. Mara nyingi fiksa imetangulia devalopa, au devalopa ilikufa chupani. Au filamu ya fedha kama HP5 imepelekwa kwenye mashine ya C-41 (njia ya kusafishia negativu za rangi), ambayo inafuta fedha yote, ndivyo ilivyoundwa. (XP2 Super ni nyeusi-nyeupe lakini inapita C-41 bila shida.)

Picha ni hafifu, namba ni imara: ulipiga na mwanga mdogo. Picha hafifu na namba hafifu: hukusafisha vya kutosha, muda, joto au nguvu ya dawa. Filamu ina ukungu wa maziwa: haijafiksiwa ikaisha. Hiyo haijapotea, irudishe kwenye fiksa mpya hata mwanga ukiwa umewaka. Pinki iliyobaki kwenye filamu ya T-Max ya Kodak ni dalili hiyo hiyo kwa kiwango kidogo.

#15 MkandaMmoja

Na mwanga uliovuja unasomwa hivyo hivyo. Mchirizi ukivuka mpaka wa fremu hadi kwenye matundu, umeingia kwa mgongo: sifongo. Ukiishia ndani ya fremu, ni pazia la shata lenye tundu. Kwenye filamu ya rangi mvujo wa mgongoni unatoka mwekundu au wa chungwa, kwa sababu mwanga unapitia nyuma ya plastiki na kukutana kwanza na tabaka linalohisi wekundu. Ukijua hilo, hutabadilisha lenzi isiyo na kosa.

#16 Mizania

Tahadhari ya rangi. C-41 nyumbani ni nyuzi 38, devalopa dakika 3 na sekunde 15. Kwa nyeusi-nyeupe nyuzi moja utasamehewa. Hapa nyuzi moja inahamisha rangi, vivuli vinaenda kijani na mwanga unaenda pinki, na hakuna kisahihisho kimoja kinachotibu vyote. Chupa zikae kwenye beseni lenye hita ya kudhibiti joto. Kama dawa yako inaunganisha kufuta na kufiksi, inatoa gesi. Fungua kifuniko taratibu baada ya mipinduo ya kwanza.

Na filamu za sinema (Kodak Vision3 250D, 500T) zinazokatwa na kujazwa kwenye makopo ya 35mm: nyingi, hasa zilizotengenezwa kabla ya 2025, zina utando mweusi wa kaboni nyuma. Usizipeleke kwenye mashine ya C-41 kimyakimya, huo utando unabanduka na kuchafua dawa na filamu za wengine. Sema mapema.

#17 Skanikavu

Kuskani, kwa ufupi. Kamera ya megapikseli 24, lenzi makro ya 1:1, ISO 100, f/8, RAW, taa ya CRI (kipimo cha usahihi wa rangi za taa) 95 kwenda juu. Pikseli 6000 juu ya milimita 36 ni kama dpi 4200, skana bapa za nyumbani haziifikii kwa uhalisia.

Kinachoharibu ni usambamba. Weka kioo kidogo mahali pa filamu, tazama kwa kamera, sogeza hadi taswira ya lenzi ikae katikati kabisa ya fremu. Ziba mwanga wote unaopita pembeni ya filamu, la sivyo vivuli vinapauka. Kwa rangi, chukua mizania ya nyeupe kwenye ukingo mtupu wa chungwa, kisha geuza negativu kuwa picha kwa programu, kama negadoctor ya darktable au Negative Lab Pro.

Kifuta vumbi cha infraredi cha skana kizime kwa filamu za fedha za nyeusi-nyeupe kama HP5, Tri-X na wenzao. Fedha inazuia infraredi, mashine itadhani picha yote ni vumbi.

#18 Stopumbili

Kwenye uwanja wa ndege: filamu isiyosafishwa isiwe kwenye begi linalokwenda chini. Na zile mashine mpya za CT za mizigo ya mkononi zinaiunguza hata ya ISO ndogo. Itoe, iweke kwenye mfuko unaoonyesha ndani, omba ikaguliwe kwa mkono. Iliyosafishwa haina shida. Ya friji iache nje saa moja na nusu kabla ya kufungua kopo, isije ikatoa jasho.

#19 Chembechembe

Fiksa iliyokufa tunamwaga wapi?

#20 FiksaSafi

Si bustanini wala mtaroni. Ina fedha iliyoyeyuka, na hiyo ni sumu kwa viumbe vya majini. Ikusanye kwenye dumu, uandike juu, uipeleke wanaposafisha filamu kwa wingi au wanapokusanya taka za kemikali. Fedha yake inatolewa tena. Huko mojawapo ya njia ni kuipitisha kwenye sufi ya chuma: chuma kinayeyuka, fedha inabaki chini kama tope jeusi. Devalopa weka dumu lake. Usichanganye.